Singida na Dodoma: Viwanja vya ndege vya majirani wasiolingana

TIMU ya soka ya Dar es Salaam inayotaka kufika haraka Singida kwa mchezo wa Ligi Kuu kwenye Uwanja wa Liti, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, hulazimika kwanza kufika mkoa mwingine. Ikipanda ndege, hushuka Dodoma. Ikipanda treni ya reli ya kisasa, hushuka Dodoma vilevile. Kutoka hapo ni basi, zaidi ya kilomita 240 kupitia Bahi na Manyoni, hadi mji wa maziwa ya Singidani na Kindai.

Si kwamba Singida haina kiwanja cha ndege. Inacho, na kimo katika orodha ya viwanja zaidi ya 50 vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), iliyoanzishwa mwaka 1999. Lakini kwa miaka yote njia yake ya kuruka na kutua ndege imekuwa ya changarawe, na wateja wake wamekuwa ndege ndogo za kukodi, za misheni, za madaktari na za viongozi walio ziarani.

Jirani yake wa mashariki ana hadithi tofauti kabisa. Dodoma ina kiwanja cha zamani chenye njia ya lami katikati ya jiji, na kwa kuwa hicho kilionekana hakitoshi, ikaanza kujengewa kingine huko Msalato chenye njia ya kilomita 3.6, urefu unaotosha ndege kubwa za masafa marefu.

Kati ya hali hizo mbili kuna ushindani wa kimyakimya wa miaka mingi, ambao haujawahi kufanana na mashindano ya Arusha na Moshi au Mwanza na majirani zake. Ni ushindani wa mtu aliyeketi mezani na mtu aliye nje ya mlango.

Mama na mtoto

Uhusiano wa miji hii miwili ni wa mama na mtoto zaidi kuliko wa ndugu. Enzi za ukoloni wa Mwingereza, Singida ilikuwa wilaya ndani ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake makuu yalikuwa Dodoma. Mkoa wa Singida ulipata kusimama wenyewe mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru.

Dodoma ilikuwa na bahati ya njia tangu mwanzo. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilipita hapo. Mwaka 1932 Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua safari za ndege kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa miongoni mwa vituo vyake katika Tanganyika, pamoja na Moshi na Mbeya. Ndege za wakati ule zilikwenda masafa mafupi, zikitua mara kwa mara kujaza mafuta na kupumzisha abiria, na Dodoma ilikuwa mahali panapofaa kati ya Moshi na Mbeya.

Singida haikuwa kwenye mstari huo. Hata reli iliyopata kuielekea kaskazini mwa Manyoni, iliyojengwa miaka ya 1930 hadi Kinyangiri, iling'olewa katika muongo uliofuata kwa kukosa mzigo wa kutosha. Kizazi kizima kilipita kabla tawi jipya la reli kutoka Manyoni kwenda Singida halijajengwa, kuanzia miaka ya 1980. Wazee wa Iramba waliosikia habari za viwanja vya ndege baadaye walikuwa na sababu ya kutoshangilia mapema.

Mwaka 1973 chama cha TANU kilipoamua kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma, hoja kubwa ilikuwa kwamba Dodoma ipo katikati ya nchi. Hoja hiyo ingeweza kusemwa karibu neno kwa neno kuhusu Singida. Lakini uamuzi ulikuwa umekwishafanyika, na tangu hapo kila shilingi ya miundombinu iliyotengwa kwa ajili ya Kanda ya Kati ilikuwa na mahali pa kwanza pa kwenda.

Kwa miongo minne hata Dodoma yenyewe ilisubiri. Kiwanja chake kilihudumia zaidi wabunge na mawaziri wakati wa vikao. Mambo yaligeuka Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali ingehamia Dodoma kabla ya kumalizika muda wake wa kwanza. Mwaka huohuo njia ya kurukia iliongezwa kutoka kilomita 2 hadi 2.5, na Shirika la Ndege la Tanzania (ATCL), lililokuwa limenunuliwa ndege mpya aina ya Bombardier Q400, likaanza kutua. Aprili 26, 2018, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Tatizo la kiwanja cha zamani ni kwamba jiji limekizunguka. Nyumba, barabara na ofisi ziko karibu mno na uzio, kiasi kwamba kukirefusha zaidi ni kubomoa mitaa. Ndipo likaja suala la Msalato, kwenye barabara kuu ya kwenda Kondoa, Babati na Arusha. Desemba 2019 Bodi ya Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola za Marekani milioni 272 kwa ajili ya mradi huo, ambao gharama yake yote ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 330, na tofauti ikibebwa na Serikali. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi.

Orodha ya viwanja kumi na kimoja

Haitakuwa haki kusema kwamba Singida ilisahauliwa kabisa. Katika muongo wa 2010 Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha upembuzi yakinifu na usanifu wa kina wa viwanja 11 vya mikoa na wilaya: Ziwa Manyara, Musoma, Iringa, Tanga, Songea, Lindi, Kilwa Masoko, Njombe, Moshi, Simiyu na Singida. Kwa lugha ya kawaida, wataalamu walikwenda, wakapima ardhi, wakakadiria abiria na wakachora michoro.

Kutoka kwenye michoro hadi kwenye lami ndipo mambo yalipoachana. Songea, Musoma na Iringa, zilizokuwa kwenye orodha hiyohiyo, ziliingizwa katika kazi za ujenzi na ukarabati. Viwanja vya Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, vilivyokuwa katika kundi jingine, vilipata mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya.

Mtu akiitazama ramani ataona jambo ambalo haliko wazi katika majedwali ya bajeti. Tabora iko magharibi mwa Singida. Shinyanga iko kaskazini-magharibi. Iringa iko kusini-mashariki, Dodoma mashariki. Mkoa wenye watu milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022 umezungukwa karibu pande zote na majirani waliopata lami, nao ukabaki na makabrasha.

Hewa nyepesi ya Singida

Kuna kipengele kimoja cha kitaalamu ambacho hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni mwinuko. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Dodoma iko chini kidogo ya mita 1,200. Katika miinuko hewa ni nyepesi, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Bawa la ndege hupata nguvu ya kuinua kutokana na hewa inayopita juu na chini yake. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia kwa kasi zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na injini nayo hutoa nguvu pungufu. Matokeo yake ni kwamba inahitaji njia ndefu zaidi.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lina kanuni rahisi ya makadirio: urefu wa njia unaohitajika usawa wa bahari huongezwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, kabla hata ya kuongeza marekebisho ya joto. Chukua ndege ya aina ya Q400 ikiwa na uzito kamili, ambayo huhitaji takriban mita 1,400 katika usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Singida, nyongeza ni asilimia 35, na hesabu inafikia mita 1,890. Joto la Oktoba likiingizwa, mita 2,000 hupitwa.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa fedha. Kiwanja ambacho pwani kingeitwa cha wastani, Singida kinakuwa kirefu na cha gharama zaidi. Njia fupi ya lami, ile ambayo wanasiasa hupenda kuahidi kwa sababu ni nafuu, ingeishia kupokea ndege zilezile ndogo zinazotua leo kwenye changarawe, au ndege kubwa kidogo zinazoondoka na viti vitupu ili zipate uzito wa kuruka. Mwekezaji anayesoma michoro anaiona hesabu hiyo katika ukurasa wa kwanza.

Kisha kuna duara ambalo limeiumiza Singida zaidi ya mwinuko wake. Fedha za kiwanja hutafutwa kwa kuonyesha idadi ya abiria. Abiria huhesabiwa pale penye ndege za ratiba. Ndege za ratiba huja penye lami. Msafiri wa Singida anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege anapanda Dodoma, na katika takwimu anaandikwa kuwa abiria wa Dodoma. Kila mfanyabiashara wa alizeti, kila mtaalamu wa mgodi wa dhahabu wa Ikungi uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023, kila mhandisi wa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga linalopita katika mkoa huo, akipita Dodoma anaongeza hoja ya Msalato na kupunguza ya Singida.

Hili si kosa la Dodoma. Lakini ni ajabu ya hesabu kwamba mkoa usio na huduma huonekana katika majedwali kama mkoa usio na mahitaji.

Wino hufuata msafara

Habari za magazeti nazo zimepita katika mkondo huohuo. Dodoma ina Bunge. Kila kikao cha bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vyombo vyote vikubwa hupeleka waandishi wake huko, na tangu Serikali ihamie, wengi wamebaki na ofisi za kudumu. Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi akitaja Msalato asubuhi, mchana habari iko mtandaoni, na jioni mhandisi wa mradi ameshahojiwa akiwa amevaa kofia ngumu mbele ya mashine.

Singida hutegemea zaidi waandishi wa mkoani, ambao wengi wao nchini hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Mwandishi wa namna hiyo hawezi kuishi kwa kuandika habari za jambo ambalo halijatokea. Njia ya changarawe ambayo mwaka huu ni ileile ya mwaka jana haina kichwa cha habari. Itaandikwa siku ndege ikipata ajali juu yake, au siku kiongozi akishuka hapo na kutoa ahadi. Na habari itakuwa ya kiongozi.

Matokeo ni kwamba msomaji wa Dar es Salaam anaijua Singida kwa kuku, vitunguu, asali ya Itigi na Manyoni, mafuta ya alizeti, ukame, na siku hizi kwa klabu zake za soka. Si uongo hata mmoja kati ya hayo. Ila hayajengi picha ya mahali panapohitaji ndege.

Upendeleo wa aina hii hautokani na mhariri aliyeamua kuinyima Singida nafasi. Unatokana na mpangilio wa kazi: waandishi wako pale wenye madaraka walipo, na wenye madaraka wako pale fedha zinapokwenda. Hata hivyo upo upendeleo wa aina ya pili, wa makusudi na wa wazi, na kisa chake maarufu zaidi duniani kinahusu viwanja vya ndege vya miji miwili jirani.

Mhariri aliyebeba chakula chake

Dallas na Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ziko umbali wa kilomita 50 hivi. Fort Worth ilikuwa na Amon Carter, mchapishaji wa gazeti la Star-Telegram, mtu aliyeipenda Fort Worth na kuichukia Dallas kwa kiwango kilekile. Inasimuliwa kwamba alipolazimika kwenda Dallas kwa shughuli, alibeba chakula cha mchana kutoka nyumbani ili asiiachie Dallas hata senti moja.

Mapema miaka ya 1940 miji hiyo ilikaribia kukubaliana kujenga kiwanja kimoja katikati. Mpango ulivunjika mwaka 1943 baada ya Dallas kugundua kwamba jengo la abiria lilikuwa limepangwa kukaa upande wa Fort Worth. Kila mmoja akashika lake. Dallas ikaendelea na kiwanja chake cha Love Field. Fort Worth ikajenga chake karibu na mpaka, kikafunguliwa mwaka 1953 kikiwa na jina la Carter mwenyewe, na gazeti lake halikuacha kukipigia debe.

Abiria hawakusoma gazeti hilo kwa utiifu uliotarajiwa. Waliendelea kupanda Love Field, kwa kuwa ndiko zilikokuwa ndege. Mwaka 1964 bodi ya shirikisho iliyosimamia usafiri wa anga ilichoka na mabishano na kuiagiza miji hiyo ikubaliane juu ya kiwanja kimoja. Kikafunguliwa Januari 1974, katikati ya miji yote miwili, kikiitwa kwa majina yao yote mawili, na kile cha Carter kikafungwa mwaka huohuo. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1955.

Tanzania ilikuwa imefanya jambo kama hilo miaka miwili hivi kabla, bila agizo la bodi yoyote. Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA), kilichofunguliwa Desemba 1971, kiliwekwa katika uwanda wa Hai kati ya Arusha na Moshi, kikawa na njia ya kilomita 3.6. Lakini hilo halikumaliza ushindani. Arusha iliendelea kutunza kiwanja chake cha Kisongo, ambako ndege ndogo za watalii huondoka kwenda Serengeti, na wafanyabiashara wake hawakuchoka kutaka kipanuliwe. Mwaka 1998 KIA ikakodishwa kwa kampuni ya KADCO, yenye wabia wa kigeni, kwa mkataba wa miaka 25, na baadaye ilibainika katika mijadala ya Bunge kuwa mkataba ulikuwa na masharti ya kuzuia viwanja vya jirani kuendelezwa kwa namna ya kuleta ushindani. Serikali ilinunua hisa zote mwishoni mwa muongo wa 2000, lakini KIA haikukabidhiwa kwa TAA hadi Novemba 2023.

Kati ya Arusha na Moshi, basi, ugomvi ulikuwa na pande mbili zenye sauti: mahoteli, kampuni za utalii, wabunge wa pande zote na waandishi wa kutosha. Kila upande ulikuwa na wa kuusemea.

Chato na Eldoret

Kisa kilichozua maneno mengi zaidi nchini katika miaka ya karibuni ni cha Chato, wilaya ya nyumbani kwa Rais Magufuli mkoani Geita. Kiwanja kilichojengwa huko wakati wa utawala wake kilipewa njia ya kilomita 3, karibu sawa na ya Mwanza, jiji la pili kwa ukubwa nchini, lililokuwa limesubiri kwa miaka jengo la abiria linalolingana na hadhi yake.

Namna kisa hicho kilivyoandikwa ni somo lenyewe. Vyombo vya nje vilikuwa wepesi kukifananisha na viwanja vya nyumbani kwa watawala wengine wa Afrika, hasa Gbadolite ya Mobutu. Ndani ya nchi sehemu kubwa ya habari zilikuwa za maendeleo ya ujenzi na ziara za viongozi. Waliohoji, wakiwamo wabunge wa upinzani, walipata nafasi ndogo. Ikumbukwe kwamba ilikuwa miaka ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambapo katika mwaka 2017 pekee magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi tofauti kwa habari za mambo mengine. Mhariri aliyeyaona hayo alijua pa kukanyaga. Baada ya Rais Magufuli kufariki Machi 2021, maswali yaleyale yaliulizwa kwa sauti ya kawaida.

Kenya ilipitia hali hiyo mapema zaidi. Kiwanja cha kimataifa cha Eldoret, kilichofunguliwa mwaka 1997 katika eneo la nyumbani kwa kisiasa kwa Rais Daniel arap Moi, kilipingwa na wafadhili na kushambuliwa sana na magazeti ya Nairobi, wakati Kisumu, mji mkubwa zaidi wa Magharibi, ukisubiri hadi mwanzoni mwa muongo wa 2010 kupata kiwanja cha hadhi hiyo. Eldoret baadaye ilijipatia kazi kama kiwanja cha mizigo. Magazeti yaliyokikejeli hayakurudi kwa bidii ileile kueleza hilo.

Kinachounganisha visa hivyo ni kwamba kila kimoja kilikuwa na mtu: Carter, Magufuli, Moi. Singida imetoa mawaziri na wanasiasa wenye majina makubwa, lakini kiwanja chake hakijawahi kuwa cha mtu. Kwa upande mmoja hiyo ni sifa njema. Kwa upande mwingine, ndiyo sababu mojawapo ya changarawe.

Ndege ya usiku

Hoja ya heshima, kwamba mkoa nao ustahili kiwanja cha lami kama wenzake, ndiyo husikika zaidi majukwaani na ndiyo dhaifu kuliko zote. Hoja yenye uzito ni ya muda.

Usiku wa Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki, alisafirishwa kwa ndege kutoka Dodoma kwenda Nairobi saa chache baada ya kupigwa risasi nyingi nje ya makazi yake jijini humo. Aliyafikia matibabu akiwa hai kwa sababu, pamoja na madaktari wa Dodoma, palikuwa na kiwanja ndani ya mji. Kama angejeruhiwa jimboni kwake Ikungi, safari ya kwanza ingekuwa ya barabara, usiku.

Kwa mgonjwa wa kawaida wa Singida safari hiyo ya barabara ndiyo kawaida. Anayehitaji matibabu ya kibingwa ya moyo au figo hupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, au mbele zaidi. Upande wa kaskazini, wakazi wa Mkalama wengi huvuka mpaka wa mkoa kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Norway katika miaka ya 1950. Haydom ni kijiji, lakini ina kiwanja kidogo ambapo ndege za misheni hutua mara kwa mara. Mfano huo unaonyesha kwamba si kila kiwanja chenye faida lazima kipokee ndege ya abiria 70. Njia fupi iliyotunzwa, yenye uzio wa kuzuia mifugo na taa za dharura, ingeokoa watu wengi zaidi kuliko jengo la abiria la vioo, na kwa gharama ndogo sana kulinganisha na ya Msalato.

Tatizo ni kwamba mradi wa namna hiyo haumvutii mtu. Benki kubwa hazikopeshi kwa ajili ya uzio. Kiongozi hawezi kuuzindua kwa fahari. Na gazeti litautengea aya mbili kwenye kurasa za mikoani.

Wakati huohuo mazingira yamebadilika tangu michoro ya Singida ichorwe. Treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na kuufanya mwendo wa kutwa nzima kuwa wa saa chache. Kipande kinachofuata kinaishia Makutupora, na kinachofuata hapo kinapita wilaya ya Manyoni kuelekea Tabora. Kitakapoanza kazi, mkazi wa Manyoni atakuwa na treni ya umeme mlangoni, wakati mkazi wa Singida mjini atakuwa bado na zaidi ya kilomita 110 za barabara kufika kwenye kituo.

Makadirio ya abiria yaliyofanywa katika muongo wa 2010 hayakuwa na treni ya saa chache, wala dhahabu ya Ikungi, wala Msalato. Baadhi ya mabadiliko hayo yanapunguza idadi, mengine yanaiongeza. Atakayefungua tena makabrasha hayo atalazimika kuhesabu upya, na safari hii kuwahesabu pia wale wanaopanda ndege Dodoma lakini wanalala Singida.